Msimwambie Kijana Achague Kitabu au Mbio



Nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo lililotokea nyumbani kwangu hapa Junda, kwa kuwa najua halikunipata mimi peke yangu. Mpwa wangu asoma uhandisi wa ujenzi katika chuo kimoja: kupima ardhi, kupiga hesabu za zege na nondo, kuchora barabara na madaraja. Tena ni mkimbiaji. Mwaka jana alichaguliwa kukimbilia chuo chake, na siku ya mbio ikaangukia siku ya mtihani. Akaomba apewe mtihani siku nyingine. Akajibiwa, "Chagua moja. Hapa twafundisha mafundi, hatufugi farasi wa mbio." Kijana akaacha mbio. Viatu vyake mpaka leo vimetundikwa msumarini.

Ndugu zangu, jibu lile lilikuwa kosa. Wala sisemi kwa uchungu wa mjomba tu. Mfano tunao hapa hapa Kenya.

Mtazameni Profesa Mike Boit. Mwaka 1972, huko Munich, alipata medali ya shaba katika mbio za mita 800, na katika mita 1500 akawa wa nne. Alikwenda Marekani, akasoma na kukimbilia chuo cha Eastern New Mexico. Mwaka 1976 Kenya haikukimbia Montreal, kwa sababu nchi za Afrika ziligoma juu ya New Zealand kucheza raga na Afrika Kusini ya ubaguzi. Mwaka 1980 Kenya haikwenda Moscow pia. Basi Olimpiki mbili zikampita akiwa katika nguvu zake. Mtu mwingine angekaa chini akalia. Yeye mwaka 1978 alichukua dhahabu ya mita 800 katika michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edmonton, na mwaka 1981 akakimbia maili moja kwa dakika 3 na sekunde 49. Na kitabu hakukiacha: alisoma Stanford, akapata shahada ya udaktari chuo cha Oregon, akarudi kufundisha elimu ya michezo Chuo Kikuu cha Kenyatta, na akapata kuwa Kamishna wa Michezo wa serikali. Je, angeambiwa achague moja, tungempata profesa huyu?

Lakini nisiwadanganye kwamba kusoma peke yake kwatosha. Henry Rono naye alikuwa mwanafunzi, chuo cha Washington State. Mwaka 1978 alivunja rekodi 4 za dunia katika siku 81. Olimpiki zile zile mbili zikampita na yeye. Baadaye, kama alivyoeleza mwenyewe, pombe ikamshinda na fedha zikapotea. Akaosha magari, akabeba mizigo katika uwanja wa ndege wa Albuquerque. Alifariki mwaka 2024. Sisi tunaobeba mizigo twajua kwamba kazi ile si aibu. Aibu ni ya waliompigia makofi siku ya ushindi, na siku ya taabu wasimuulize hali. Mchezaji ni mfanya kazi kama sisi: mwili wake ndio chombo chake, na chombo huchakaa. Asiye na chama nyuma yake huanguka peke yake.

Wako watakaosema mbio ni za watu wa bara. Hao wamemsahau Seraphino Antao, mtoto wa Mombasa, aliyeshinda dhahabu mbili Perth mwaka 1962, yadi 100 na yadi 220. Pwani ina miguu. Lililopungua ni nafasi.

Wengine watauliza, haya yahusu nini chama cha wafanya kazi? Yatuhusu sana. Wenzetu wa zamani Uingereza na Marekani walipopigania siku ya kazi ya saa 8, hawakutaka usingizi tu. Walitaka mtu apate wakati wake wa kusoma, kucheza na kukaa na watoto wake. Kijana anayenyimwa wakati huo chuoni, kesho atanyimwa kazini, naye ataona ndiyo desturi.

Kwa hiyo naomba mambo matatu yapelekwe mkutanoni. Kwanza, chama kiviandikie vyuo, kijana anayekimbilia chuo apewe mtihani siku nyingine, bila kupunguziwa swali hata moja. Pili, katika mapatano yetu na waajiri, tudai ruhusa kwa mwanachama anayesoma jioni au anayeitwa na timu. Tatu, sisi wazazi wa Junda na Kisauni yote tulinde viwanja vilivyobaki, kwa maana kiwanja kikishajengwa nyumba hakirudi.

Mpwa wangu atakuwa mhandisi, inshallah, nami nitafurahi. Lakini kila nipitapo mlangoni naviona vile viatu. Hakuna aliyemshinda katika mbio. Alishindwa mezani, na mtu aliyekaa kitini.

Umoja ni nguvu.

Mwanachama, Junda