Mkusanya Visu Si Mlinzi wa Visu

Imeenea miongoni mwetu, hata katika pwani hii ya Magara, nchini Burundi kando ya ziwa Tanganyika, ambako kisu hushikwa kabla ya jua kuchomoza na huoshwa baada ya jua kuchwa, itikadi isemayo kwamba mpenzi wa kweli wa visu ni yule avikusanyaye: bwana mwenye kabati la vioo, ajuaye jina la kila mfuaji na asili ya kila chuma, alalaye akiota kisu kimoja adimu ambacho hajakipata bado, na ambaye, kwa kauli ya wamsifuo, huhifadhi urithi ambao mikono ya watumiaji ingeuharibu. Nimeisikia dhana hii kwa vijana watazamao picha za visu katika simu zao chini ya michikichi. Nimeisikia kwa waliorudi kutoka ajira za Uarabuni na hanjari ya ukumbusho wakaitundika ukutani. Nimeisikia, kwa masikitiko, hata kwa watu wenye elimu. Naikataa. Shauku ya mkusanyaji, ijapokuwa huvaa joho la mahaba, aghalabu hukiua kile inachodai kukihifadhi, na dhamana ya kisu imo mikononi mwa watu wawili tu, mfuaji na mtumiaji.

Itazamwe kwanza kazi yenyewe. Ndagala huvuliwa usiku kwa taa na kuanikwa asubuhi, nao hawana haja ya makali yoyote; lakini mukeke apasuliwaye ili abanikwe au atiwe chumvi, na sangala mwenye mifupa migumu, humtaka mpasuaji akijue kisu chake kama akijuavyo kidole chake, kwa kuwa makali yakipinda kidogo nyama huraruka na mnunuzi hupita bila ya kuuliza bei. Kadhalika mvunaji wa michikichi, apandaye juu kwa kamba iliyomzunguka kiunoni, hana budi kuyakata makuti yenye miiba kabla ya kuufikia mkungu wa chikichi ulioshikamana na mti, na huko juu chuma butu ni hatari kwa roho yake. Visu vya watu hawa hunolewa kila siku juu ya jiwe, na kwa kunolewa hupungua, hata kisu kilichonunuliwa kipana kikawa chembamba baada ya miaka michache, mpini wake umekwisha badilishwa, mgongo wake umeingia weusi. Mkusanyaji akikiona kisu kama hicho hukitupia jicho akapita, maana katika sheria ya wakusanyaji kisu kilichonolewa kimepungukiwa thamani, na kile kisichoguswa kabisa, kilichomo bado ndani ya kasha lake, ndicho ghali kupita vyote. Sheria hii ni kinyume cha akili, na yashangaza kwamba imekubaliwa na watu wengi hivi pasipo mtu kuidai hoja.

Na tarekhe ya visu vinavyotamaniwa mno duniani yenyewe huikanusha. Huko Marekani alikuwako mfuaji aitwaye William Scagel, na mwaka 1936 mtu mmoja jina lake Bo Randall, aliyekuwa mapumzikoni kando ya ziwa Walloon katika jimbo la Michigan, alimwona mwenye mashua akikwangua rangi kuukuu ya chombo chake kwa kisu cha Scagel, kazi ambayo ingeyaangamiza makali ya visu vingi, na makali yale hayakudhurika. Randall alikinunua kisu kile, akaenda kwao akaanza kufua vyake, na tangu mwaka 1938 akaifanya kazi hiyo biashara mjini Orlando, Florida. Vita vikuu vya pili vilipowaka askari wakavitaka visu vyake, na hata leo mwenye kuagiza kisu kwenye karakana ile hungoja kwa miaka. Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1950, baharia kijana aitwaye Bob Loveless aliingia katika duka la Abercrombie & Fitch mjini New York akitaka kisu cha Randall, akaambiwa angoje miezi tisa. Hakuwa na subira hiyo. Alikwenda kwenye lundo la magari mabovu, akachukua chuma cha springi ya gari kuukuu la Packard, akajitengenezea kisu kwa mikono yake. Loveless alifariki mwaka 2010, na visu vyake sasa huuzwa kwa makumi ya maelfu ya dola kwa watu ambao wengi wao hawatathubutu kukata navyo hata uzi.

Nimeieleza habari hii kwa urefu kwa sababu ndani yake mna jibu kamili la wale wanaomwita mkusanyaji mlinzi. Sifa ya Scagel ilithibitika pembezoni mwa ziwa, katika kazi ya sulubu ambayo mvuvi yeyote wa Magara angeitambua mara moja. Na kisu cha kwanza cha mtu ambaye jina lake leo ni ndoto ya matajiri kilitokana na springi ya gari bovu, yaani chuma kilekile ambacho wahunzi wetu hukipata kutoka malori yaliyokufa katika barabara ya Bujumbura na Rumonge. Kijana wetu akidharau panga la springi na kuota kisu cha Loveless, anamdharau Loveless mwenyewe katika siku yake bora.

Lakini kisu kufungiwa kabatini ni msiba mdogo. Msiba mkubwa ni gharama ya ndoto, na gharama hiyo imekwisha lipwa hapa Afrika Mashariki. Katika Yemen jambia ni vazi la heshima, na thamani yake karibu yote imo mpinini: mpini bora kwao ulikuwa wa pembe ya kifaru, ambayo kadiri inavyozeeka na kusuguliwa kwa mikono ndivyo inavyozidi kung'aa, na kwa zama nyingi wenye uwezo wa kuumiliki walikuwa masharifu, makadhi na masheikh wa makabila. Katika miaka ya 1970 wanaume wa Yemen kwa malaki walikwenda kuajiriwa Saudia, ambako mafuta yalikuwa yamemwaga fedha, wakarudi na mishahara ambayo baba zao hawakupata kuiona, na kisu kilichokuwa ndoto kikawa kitu cha kununuliwa sokoni. Mwaka 1970 vifaru weusi wa Afrika walikadiriwa kuwa 65,000. Katikati ya miaka ya 1990 hawakufika hata 2,500. Kenya peke yake ilikuwa na vifaru wapatao 20,000, na kabla ya miaka ya 1980 kwisha walikuwa wamebaki chini ya 400. Sikatai kwamba pembe nyingine zilikwenda kusagwa dawa katika nchi za mashariki ya mbali, wala kwamba bunduki zilishikwa na watu wetu na rushwa ikaliwa na wakubwa wetu. Ila soko la mjini Sanaa, huko Yemen, lilikuwa miongoni mwa masoko makubwa ya biashara hiyo, na bidhaa iliyotengenezwa humo ilikuwa mpini wa kisu. Serikali ya Yemen ya Kaskazini ilipiga marufuku kuingiza pembe mwaka 1982, na magendo yakaendelea. Tunayajua mengi ya mambo haya kwa juhudi ya Esmond Bradley Martin, mkazi wa Nairobi, aliyeingia katika karakana za majambia kuuliza bei na uzito wa pembe mwaka baada ya mwaka, na ambaye aliuawa nyumbani kwake Nairobi mwezi wa Februari 2018.

Aniambie basi mtetezi wa wakusanyaji: katika vifaru wale, ni ukali gani uliohifadhiwa? Ubapa wa jambia waweza kuwa chuma cha kawaida kabisa. Jicho lilikuwa limekwisha uacha ukali na kuhamia kwenye mpini, na hiyo ndiyo safari ya kila ndoto ya kisu iliyoachana na kazi.

Safari hiyohiyo ilisafiriwa katika Kongo ya kaskazini mashariki. Msafiri wa Ulaya, Georg Schweinfurth, alipofika katika baraza la mfalme Mbunza wa Wamangbetu mwaka 1870, alistaajabia ustadi wa wahunzi wake, waliofua visu vilivyopinda kama mundu kwa zana ambazo mhunzi wa Ulaya asingekubali kuzishika. Wageni waliomfuata hawakuridhika na kustaajabu, walitaka kuchukua. Herbert Lang na James Chapin, kati ya mwaka 1909 na 1915, walilikusanyia jumba la makumbusho la New York maelfu ya vitu kutoka nchi hizo, na wachongaji, walipoona wageni wanapenda nini, wakazidisha vichwa vya watu katika mipini ya pembe za ndovu, kwa kuwa hayo ndiyo yaliyotafutwa. Katika majumba ya Ulaya na Marekani visu vya namna hii vimepangwa leo chini ya taa, na aghalabu kibandiko humtaja aliyekileta kisu na mwaka aliokileta, na humtaja kwa jina la kabila tu yule aliyekifua. Mlinzi gani huyu, anayehifadhi chuma na kumsahau mwenye nyundo?

Nitajibiwa kwamba lau si wakusanyaji hao tusingeviona visu vile kamwe, kwa kuwa kutu na vita vingevila. Hoja hii ina haki yake, nami naipa haki hiyo: kuona ni faida, na msomi mwenye kuchunguza ubapa wa kale hufanya kazi njema. Lakini kuhifadhi chuma si kuhifadhi ufuaji. Wazee wa Kihaya, majirani zetu wa mkoa wa Kagera nchini Tanzania, walipoombwa katika miaka ya 1970 na mwanaakiolojia Peter Schmidt na wenzake kuyeyusha madini kwa tanuri la jadi, walikuwa wamekaa miongo mingi bila ya kuiwasha kazi hiyo, kwa sababu chuma rahisi kutoka ng'ambo kilikuwa kimewaondolea wateja. Wakajenga tanuri kwa kukumbushana, wakakosea, wakarudia, hata chuma kikatoka. Elimu ambayo katika nchi hizi za Maziwa Makuu ina umri wa zaidi ya miaka elfu mbili ilikuwa imebaki katika vichwa vya wazee wachache, na hapakuwa na kabati la vioo ambalo lingeweza kuitunza. Waomani wamelifahamu jambo hili. Hanjari yao imo katika bendera ya taifa, na mwaka 2022 UNESCO ilipoiingiza katika urithi wa binadamu, kilichoandikwa hakikuwa hanjari ya sultani fulani iliyofungiwa hazinani. Uliandikwa ustadi wa kuitengeneza pamoja na desturi za kuivaa.

Sisemi kwamba visu vya wahunzi wetu havina ila. Vinazo, na mwenye kuwapenda wahunzi hatawaficha aibu zao. Yuko akiachaye chuma motoni hata kikaungua. Yuko akizamishaye katika maji baridi hata kikapasuka, ilhali mafuta yangekipoza kwa upole. Yuko akitoaye kigumu mno bila ya kukirudisha kwenye moto mdogo, na ncha ikavunjika siku ya kwanza. Na mipini mingi hulegea kabla ya mvua za pili. Lakini ila hizi zimelelewa na sisi wanunuzi, tunaokwenda kwa mhunzi tukiwa tumekwisha amua kwamba kazi yake ni ya kimaskini, tukampunja bei hadi ilingane na visu hafifu vya kiwandani vinavyouzwa kwa mafungu sokoni, kisha tukashangaa kwamba hakupoteza siku nzima kwa ajili yetu. Jicho kali la mkusanyaji, linaloona kasoro ya unywele katika ubapa, halijapata kufikishwa mbele ya mivukuto ya hapa. Kijana wa Magara aliyeweka akiba miezi sita kwa ajili ya kisu chenye jina la kigeni na achukue nusu ya fedha hiyo aende nayo kwa mhunzi, amweleze unene wa mgongo na urefu wa ubapa autakao, akatae kisu cha kwanza kikiwa na ila, akatae na cha pili, akilipie cha tatu kwa bei kamili pasipo kuomba kupunguziwa, kisha akipeleke ufukoni kwa mama apasuaye mukeke, akitumie mwezi mzima, na hukumu itolewe na mama huyo.