Kufuga nyoka ili kuuza: nani anakula faida, nani anabaki na sumu?

Hapa kwetu kusini mwa Maniema, chatu ni nyama. Akipatikana porini anakatwa, anapikwa, na hakuna anayeshangaa. Lakini kuna swali ambalo vijana wa Nyangwe, Kasongo na Kabambare wanauliza wakikaa kwenye kivuli: "Inasemekana Wazungu wananunua nyoka mzima, wanamulisha ndani ya nyumba. Sisi tuko na pori lote hii. Mbona hatuuzi?"

Swali hilo si la kucheka. Kijana asiye na kazi, ambaye amechimba dhahabu mwaka mzima bila kuona kitu, ana haki ya kuliuliza. Tupige hesabu pamoja.

Kweli, wako watu wanaofuga nyoka kama sisi tunavyofuga kuku. Marekani na Kanada, upande wa magharibi, kuna nyoka mdogo wanayemuita nyoka wa mpira, kwa sababu ngozi yake ni laini na inang'aa kama mpira. Urefu wake hautimii mita moja. Hana sumu, na ukimshika haumi. Anajikunja tu mkononi. Mkia wake ni butu, unafanana na kichwa. Akiingia katika shimo la panya kula watoto wao, mama panya anauma mkia akidhani ni kichwa, naye nyoka anaendelea kula.

Kumzalisha ni kazi ya subira. Lazima apate miezi ya baridi kali, alale bila kula, ndipo dume na jike wakutane. Jike hatagi mayai. Anazaa watoto wachache walio hai, na si kila mwaka. Mtoto anachukua miaka kukomaa. Lakini mfugaji akimtunza vizuri, nyoka huyo anaweza kuishi zaidi ya miaka 20. Na hata huko haruhusiwi kila mtu kumuokota: jimbo la California linamlinda kwa sheria nyoka wa mpira wa kusini tangu mwaka 1971.

Sasa, sisi tuko na ndugu yake. Katika misitu ya Afrika ya magharibi hadi Congo kuna nyoka anayeishi chini ya udongo na majani, anayeitwa nyoka wa Kalabar. Naye mkia wake ni kama kichwa. Ukimgusa anajiviringisha kama mpira wa kuchezea. Mwaka 1993 mtaalamu mmoja aliwaweka hawa wawili katika ukoo mmoja, ingawa baadaye walitenganishwa. Tofauti kubwa ni kwamba huyu wa Afrika anataga mayai, makubwa na machache sana. Watu wengi wakiona nyoka wa namna hii wanapiga kelele kwamba ana vichwa viwili, ni uchawi, na wanamuua. Kumbe hana sumu, na chakula chake ni panya. Sisi wa Kasongo, watu wa mpunga, tunajua panya anafanya nini ndani ya ghala.

Basi soko liko na nyoka wako. Shida iko wapi?

Tuangalie wenzetu waliotangulia. Togo, Benin na Ghana zimeuza nje chatu wadogo kwa maelfu na maelfu, miaka mingi. Wawindaji wanachimba mayai au majike yenye mimba, watoto wanaanguliwa katika mabanda, halafu wanapakiwa ndegeni. Lakini angalia kilichotokea mbele. Mwaka 1992 mfugaji mmoja wa Marekani alifaulu kuzalisha chatu weupe, kutoka kwa nyoka wa asili ya Afrika. Tangu siku hiyo wafugaji wa huko wanatengeneza rangi mpya kila mwaka, na nyoka mmoja wa rangi adimu anaweza kuuzwa kwa bei ambayo mwindaji wa kijijini hataiona katika maisha yake. Mwindaji analipwa mara moja, bei ya mnyama wa kawaida. Mwenye banda huko ng'ambo analipwa kila nyoka anapozaa.

Hadithi hiyo tunaijua kwa jina lingine. Mwaka 1876 Mwingereza mmoja alichukua mbegu za mti wa mpira kutoka Brazil. Miche ikapelekwa Asia, na baada ya miongo michache Brazil ikapoteza soko lake. Na sisi, kwenye ukingo huu wa Lualaba, tuliona pembe za ndovu zikipita, hata watu wakipita, katika wakati wa Tippu Tip. Mali ilitoka, njia ikabaki. Ukiuza dume na jike bila kujua kufuga, umeuza shamba pamoja na mbegu.

Kuna pia sheria. Chatu na nyoka wote wa ukoo wa boa wamo katika mkataba wa CITES, ambao nchi yetu iliingia tangu 1976. Kuwavusha mpaka kunahitaji karatasi. Hapa ndani kuna sheria ya uwindaji ya tarehe 28 Mei 1982 na sheria ya kuhifadhi maumbile ya asili ya tarehe 11 Februari 2014. Asiye na karatasi, anayekamatwa ni yeye, si tajiri aliyemtuma. Tusisahau kasuku wa kijivu: walikamatwa porini kwetu kwa wingi, hadi mwaka 2016 mataifa yakakubaliana kufunga biashara ya kasuku waliotoka porini. Tanzania nayo mwaka huohuo wa 2016 ilisimamisha kuuza nje wanyama wote wa pori walio hai. Biashara inayosimama juu ya kukamata tu inaweza kufungwa kwa siku moja.

Lakini kuna ufugaji mwingine wa nyoka, na huo ndio unaotuhusu zaidi. Dawa ya sumu ya nyoka haitengenezwi bila nyoka. Sumu inakamuliwa kwa nyoka waliofugwa, farasi anadungwa kidogo kidogo, na kinga inatolewa katika damu yake. Watamu, kwenye pwani ya Kenya, kuna banda la Bio-Ken lililoanzishwa mwaka 1980, linalofuga nyoka wenye sumu na kusaidia walioumwa. Karibu na Arusha kuna Meserani, ambapo pamoja na nyoka wa kuonyesha watalii kuna zahanati ya watu walioumwa.

Shirika la afya duniani, OMS, linasema nyoka wanaua watu kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka duniani. Mwaka 2014 kiwanda cha Sanofi kiliacha kutengeneza Fav-Afrique, dawa iliyofaa kwa nyoka wengi wa Afrika, kwa sababu haikuleta faida. Chupa za mwisho zilipitwa na muda mwaka 2016. Mama anayeumwa na kifutu katika shamba lake la mpunga hana pesa ya kumvutia mwenye kiwanda. Ndiyo hesabu ya soko: nyoka asiye na sumu ana mnunuzi, aliyeumwa na nyoka hana.

Kwa hiyo, kijana akijiwa na mtu anayetaka nyoka mzima, amuulize maneno matatu. Karatasi yako ya ruhusa iko wapi? Nani atalipa hospitali nikiumwa? Na watoto wa nyoka huyu watazaliwa kwa nani? Akishindwa kujibu hata moja, biashara imekwisha.

Na kwa viongozi wetu wa sekta, teritware na jimbo, swali ni moja tu: katika vituo vyetu vya afya, dawa ya nyoka iko wapi? Wakati tunangoja jibu, mtu akiumwa asichanjwe, asinyonywe jeraha, asifungwe kamba kali. Jiwe jeusi halitoi sumu. Vueni pete na bangili, mguu au mkono usitikisike, mumpandishe kwenye pikipiki katikati ya watu wawili, mukimbie hospitali.