Gari la Kale Halihitaji Cheche za Kale

Nimechoka na neno "original". Kaa na wapenzi wa magari ya zamani hapa Nairobi hata nusu saa tu, utalisikia mara kumi. Rangi original, viti original, mpaka kifuniko cha tangi original. Na ukithubutu kusema umetoa pointi kwenye distribyuta ya Datsun 240Z ukaweka mfumo wa elektroniki, utaangaliwa kama mtu aliyepaka rangi ya waridi kuta za Fort Jesus.

Mimi nasema hivi: toa hizo pointi. Weka moduli. Washa gari, twende.

Kabla hujanitukana, tuelewane tunabishania nini. Pointi ni vipande viwili vidogo vya chuma ndani ya distribyuta. Zikigusana, umeme wa betri unapita kwenye koili. Shafti ikizunguka, vinundu vyake vinazisukuma ziachane, umeme unakatika ghafla, na koili inatema maelfu ya volti mpaka kwenye plagi. Hiyo ndiyo cheche. Mfumo huu ni kazi ya Mmarekani Charles Kettering, na Cadillac walianza kuutumia karibu mwaka 1910. Ulibeba magari ya dunia kwa zaidi ya nusu karne. Kettering apewe heshima yake.

Lakini sasa piga hesabu. Injini ya 240Z ina silinda 6, kwa hivyo kila mzunguko unahitaji cheche 3. Ikifika mizunguko 6,000 kwa dakika, hizo ni cheche 18,000. Yaani 300 kila sekunde! Mara 300 kwa sekunde vyuma viwili vinaachana na kugusana, na kila mara vinaungua kidogo. Kile kisigino kinachosuguana na shafti nacho kinalika. Nafasi kati ya pointi, inayofaa kuwa karibu nusu milimita, inazidi kupungua, cheche inachelewa, gari linakuwa zito. Hapo hakuna fundi aliyekosea. Kifaa chenyewe kimeumbwa kulika, ndiyo maana kila baada ya muda unakifungua, unasugua kwa msasa, unapima nafasi, unafunga, halafu unaanza kuhesabu siku upya.

Moduli ni pete ya sumaku kwenye shafti na sensa kando yake. Hakuna kinachogusana, kwa hivyo hakuna kinacholika. Nyaya mbili zinaenda kwenye koili, kifuniko kinarudi, na ukisimama nje huoni tofauti kubwa. Hutoboi kitu, hukati kitu. Tena sensa nyingi za aina hii zinatumia kanuni aliyoigundua Edwin Hall mwaka 1879, miaka saba kabla Karl Benz hajapata hataza ya gari lake. Kama tunapenda vitu vya kale, si hiki nacho ni cha kale?

Halafu niulize: original ya nani? Nissan wenyewe waliweka mfumo wa elektroniki kwenye 260Z ya soko la Marekani mwaka 1974. Waliounda gari waliziacha pointi mapema kabisa, na wewe bado unazililia.

Watu wa original wanapenda pia kututajia Safari Rally. Sawa, twende huko. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda na 240Z. Mwaka 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakashinda na 240Z tena. Hayo magari unadhani yalitoka dukani moja kwa moja hadi kwenye matope? Yaliongezwa taa, yakakingwa chini ya injini, yakaandaliwa upya na timu ya kiwanda ili yastahimili barabara zetu. Sifa yote ya 240Z hapa Kenya imetoka kwa magari yaliyobadilishwa.

Kuna hoja moja ya upande wa pili ambayo ni nzito, na siwezi kuiruka. Pointi huumwa polepole, moduli hufa ghafla. Ukigeuza nyaya zake, imeenda. Ukiacha swichi imewashwa na injini imezima, unaweza kuichoma. Na ikikufia karibu na Namanga saa mbili usiku, msasa hautakusaidia. Ni kweli. Dawa yake ni rahisi: ile sahani yako ya zamani, pointi na kondensa zikiwa bado juu yake, ifunge kwenye kitambaa uweke kwenye buti pamoja na bisibisi. Moduli ikikataa, unarudi 1971, unafika nyumbani.

Lakini kinachoniuma zaidi ni jinsi tunavyowachukulia mafundi. Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo najua vizuri watu wanavyopima akili kwa karatasi. Kuna fundi mmoja Industrial Area ambaye mimi huenda kukaa kwake nikikosa kazi ya kuandika. Ana miaka 24. Atakueleza koili inajaa kwa muda gani kabla ya cheche, na kwa nini, huku anakula chapo. Siku moja alimshauri mteja mwenye gari la michezo la miaka ya sabini aweke moduli. Mzee akamjibu, "Kijana, wewe zoea Probox. Hii ni historia."

Mzee huyo huyo huwa anasifu magari yanayofanyiwa kazi hiyo hiyo Uingereza. Kule inaitwa sanaa. Ikifanywa na kijana mwenye ovaroli chafu, ghafla inaitwa jua kali, na hilo neno analitamka kama tusi.

Sasa fikiria, buda. Wazee walioweza kurekebisha pointi kwa kusikiliza tu injini wanastaafu mmoja mmoja. Wanaobaki wamekulia kwenye sensa na nyaya. Ukiwakataza kushika gari lako kwa lugha wanayoijua, nani atalifufua miaka 20 ijayo? Litakaa chini ya turubai, original kabisa, panya wakitafuna nyaya zake original.

Kwa hivyo usinihubirie kuhusu urithi kama gari lako halijatoka geti tangu Krismasi. Tafuta moduli halisi, si feki. Tafuta kijana anayeelewa umeme, umlipe bei ya fundi, si ya chai. Mwambie akufundishe anavyofunga. Halafu mpe ufunguo, alipeleke hadi Limuru na kurudi, umsikilize akikuambia gari lako linataka nini.