Tukifungwa, Tunauliza Nini?

Timu ikishinda, kila mtazamaji ni ndugu wa wachezaji. Ikishindwa, kila mtazamaji ni hakimu wao. Hayo, msomaji kijana, umeyaona shuleni kwako, na yamkini umeyatenda. Mimi nimeyatenda. Naandika maneno haya kuwapinga watu ambao nilikuwa mmoja wao, na kwa sababu hiyo sitawaonea huruma.

Katika majira ya kusi, timu ya chuo kimoja cha hapa Diani ilikaribisha wageni kutoka upande wa Msambweni. Tangu saa tisa alasiri uwanja ulikuwa umezungukwa na watu: wanachuo, vijana wa bodaboda, wavuvi waliokwisha kurudi pwani, na watumishi wa mahoteli wenye zamu ya usiku. Hata mapumziko hapakuwa na bao. Kipindi cha pili wenyeji wakauelekea upepo. Kila mpira walioupiga juu ulisita hewani, kisha ukarudi ulikotoka, nao hawakuacha kuupiga juu. Katika muda wa dakika ishirini wakafungwa mabao matatu. La tatu lilikuwa krosi iliyopindwa na upepo. Mlinda mlango, kijana wa mwaka wa kwanza, alitoka kuidaka, akaikosa, ikaingia wavuni bila kuguswa na mtu. Nilisimama nikapiga kelele pamoja na wenzangu. Tuliyomwita kijana yule sitayaandika katika kitabu cha shule.

Jioni mjadala ukahamia Ukunda, kwenye baraza ya duka moja, na hapo tukagawanyika. Wengine walitaka kocha afukuzwe kabla ya Jumatatu. Kocha mwenyewe ni mwalimu wa hesabu ambaye hufundisha mpira vipindi vikiisha, bila kulipwa senti. Wengine walisema golikipa amenunuliwa. Amenunuliwa na nani, kwa kiasi gani, hakuna aliyeeleza. Mmoja alidai kuwa alimwona akinywa soda na mchezaji wa wageni, na ushahidi huo ukapokewa kana kwamba ni hati ya mahakama. Walikuwapo pia waliosema, kwa sauti ya chini, kwamba uwanja umefanyiwa kitu na yafaa atafutwe mtu wa kuusafisha. Kundi kubwa kuliko yote lilitaka wachezaji wote waondolewe, waletwe wapya. Hilo ndilo lililokuwa langu, na nilisema kwa ufasaha mwingi.

Karibu na baraza ile hukaa mama mmoja anayekaanga viazi karai. Alasiri ile alikuwa uwanjani na jiko lake, nyuma ya kibendera cha kona. Alitusikiliza kitambo kirefu, kisha akasema: "Wanangu, mbona mabao yote matatu yamepita mbele ya karai langu? Yule mtoto wa kushoto akienda mbele harudi, na nyuma yake hapana mtu. Kila nikiwaona wale wageni wanakuja mbio nasema, hawa wanakuja kununua viazi." Tulicheka sana. Kijana mmoja akamjibu, "Mama, mambo ya mpira tuachie sisi." Naye akageuza viazi vyake.

Usiku, kelele zilipokwisha masikioni mwangu, niliyarejea mabao yale moja baada ya moja. Yote matatu yalitoka upande ule ule. Winga wetu wa kushoto alikuwa akipanda kushambulia, mpira ukirudishwa na upepo, naye asirudi. Beki aliyekuwa nyuma yake akakutana na watu wawili peke yake. Kijana aliyekuwa golini alikuwa mtu wa mwisho kukutwa na kosa lililoanza mbali naye. Watu wapatao hamsini tulibishana kwa saa tatu, na hapana hata mmoja aliyeuliza mabao yalipitia wapi. Swali letu lilikuwa moja tu: ni nani? Mtu aliyekuwa na jibu la swali jingine tulimrudisha kwenye karai lake.

Nasema, basi, kwamba swali la "nani" ni swali la uvivu. Linapendeza kwa sababu halihitaji macho. Linahitaji mdomo tu. Kuuliza "wapi" na "kwa nini" kunamlazimu mtu awe ameutazama mchezo, na wengi wetu hatuutazami mchezo, twautazama mpira.

Wala usidhani kuwa uvivu huu ni wa vijana wa Ukunda pekee. Tarehe 25 Novemba 1953, Uingereza ilifungwa na Hungaria mabao 6 kwa 3 katika uwanja wa Wembley, London. Hapakuwa na timu ya bara la Ulaya iliyopata kuishinda nyumbani kwake kabla ya siku hiyo. Sababu ilikuwa wazi kwa mwenye kutazama. Mhungaria Nándor Hidegkuti alivaa namba 9, namba ya senta fowadi, lakini hakukaa mahali ambapo senta fowadi alizoea kukaa. Alirudi nyuma, katikati ya uwanja. Senta hafu wa Uingereza, Harry Johnston, akaingia mashakani: amfuate, aache pengo mbele ya goli lake, au abaki mahali pake, amwache mtu yule atoe pasi apendavyo? Hilo halikuwa kosa la miguu ya Johnston, bali la mpango uliomweka pale bila jibu. Hidegkuti alifunga mabao matatu.

Sasa tazama walivyofanya wakubwa wa mpira wa nchi ile, watu waliosoma na wenye uzoefu mwingi. Tarehe 23 Mei 1954 timu hizo zilikutana tena, mjini Budapest. Katika wachezaji 11 walioanza Wembley, 4 tu walirudi. Saba walibadilishwa, na mpango wa kucheza ukaachwa vile vile. Hungaria ikashinda 7 kwa 1. Ningewapa wenzangu wa barazani hesabu hiyo wakae nayo usiku kucha: watu saba wapya, na kipigo kikubwa zaidi.

Hadithi ina mkia. Miongoni mwa wale saba alikuwamo beki wa kulia aitwaye Alf Ramsey. Hakuitwa tena kuichezea nchi yake. Mwaka 1963 alianza kuiongoza timu ya taifa, na kazi aliyoifanya ilikuwa ile ambayo haikufanywa mwaka 1954: aliubadili mpango wenyewe, hata akaachana na mawinga wa mtindo wa zamani. Tarehe 30 Julai 1966 Uingereza ilitwaa Kombe la Dunia, katika uwanja ule ule wa Wembley. Mtu aliyeondolewa kama sehemu ya ugonjwa ndiye aliyekuja na dawa.

Lakini lililo baya zaidi katika swali la "nani" si kwamba hupoteza mechi. Hupoteza watu. Tarehe 16 Julai 1950 Brazili ilicheza na Uruguay katika uwanja wa Maracanã, Rio de Janeiro, mbele ya watazamaji wapatao 200,000. Sare ingetosha kuwapa Wabrazili Kombe la Dunia. Walifungwa 2 kwa 1. Bao la pili, la Ghiggia, lilipita baina ya mlinda mlango Moacir Barbosa na mlingoti wa karibu. Barbosa alikuwa amesogea kidogo akitazamia krosi, kwa kuwa bao la kwanza lilitokana na krosi kutoka upande huo huo. Alikisia, akakosea. Aliishi karibu miaka 50 baada ya siku ile, akafa mwaka 2000, na muda wote huo nchi yake ilimtaja kwa bao lile moja. Tena waliibadili hata jezi, nyeupe ikawa manjano, kana kwamba jezi ndiyo iliyopitwa na Ghiggia. Mambo yaliyowaletea kombe mwaka 1958 yalikuwa mengine kabisa: waliweka walinzi wanne nyuma, wakawapima wachezaji afya zao, wakasafiri na daktari na hata mganga wa meno. Kazi hizo zilihitaji watu waliokaa chini wakatazama. Kumtukana Barbosa hakukuhitaji kitu.

Nawe huenda unasema moyoni: huyo alikuwa Brazili, yetu ni mechi ya chuo. Basi nikurudishe kwa wale waliozungumza kwa sauti ya chini pale barazani. Neno lao si la kuchekea. Hapa Kwale, na kwa jirani zetu wa Kilifi, wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, wengine kwa mikono ya jamaa zao wenyewe, na mara nyingi nyuma ya shutuma pana shamba linalotamaniwa. Mtoto anaumwa, au mavuno yameharibika, na badala ya kuuliza ni homa gani na ni mdudu gani, watu huuliza ni nani. Silinganishi bao na roho ya mtu. Nasema kwamba akili ni ile ile, na kwamba kijana anayezoezwa uwanjani, kila Jumamosi, kutafuta mtu wa kumbebesha msiba, hatakuwa na zoezi jingine siku msiba wa kweli utakapoingia nyumbani kwao.

Watu watanipinga, na baadhi ya hoja zao zina nguvu. Wako wanaosema kuwa mtazamaji ameacha kazi yake na kutoa nauli, kwa hiyo ana haki ya kusema. Naam, anayo. Aseme aliyoyaona. Haki ya kusema jambo usilolitazama sijui imetoka wapi. Wengine husema kuwa lawama humwamsha mchezaji. Humwamsha aliyelala; lakini yule winga hakuwa amelala, alikuwa anakimbia kuliko wote, ila hakuna aliyemwambia arudi. Matusi yangemfanya akimbie zaidi kuelekea kule kule.

Hoja iliyo nzito ni hii: je, mtu asibadilishwe kamwe? La, sisemi hivyo. Argentina ilifungwa na Saudia 2 kwa 1 tarehe 22 Novemba 2022, na katika mechi iliyofuata kocha Lionel Scaloni aliingiza wachezaji watano wapya. Tarehe 18 Desemba wakawa mabingwa wa dunia. Wakati mwingine sababu huwa ni mtu: amechoka, ni mgonjwa, au kazi aliyopewa si yake. Lakini jina lake litoke mwisho wa uchunguzi. Sisi pale barazani tulianza na majina, tukaishia nayo.

Na kama wataka mfano wa karibu, wakumbuke Moroko walipokuja Nairobi katika michuano ya Mataifa ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani. Tarehe 10 Agosti 2025, uwanjani Kasarani, Harambee Stars iliwafunga 1 kwa 0, tena ikicheza kipindi cha pili chote na watu kumi. Hebu fikiri mabaraza ya Casablanca yalivyokuwa usiku ule! Kocha wao, Tarik Sektioui, hakufukuzwa. Waliitoa Tanzania 1 kwa 0 Dar es Salaam, wakaitoa Senegali kwa penalti, na tarehe 30 Agosti, pale pale Kasarani walipoaibishwa, wakaifunga Madagaska 3 kwa 2 na kuondoka na kombe. Sisi tuliowashinda tulikuwa tumekwisha kutolewa na Madagaska hao hao, kwa penalti, tarehe 22. Usiku huo nilikuwa Ukunda. Sauti ya kwanza niliyoisikia baada ya penalti ya mwisho ilikuwa ya mtu akitaja jina la mchezaji na kulifuatisha tusi.

Unaniuliza, basi tufanye nini timu yetu ikifungwa? Mimi nashauri jambo dogo, na najua litawaudhi wengi. Mtu ambaye hajahudhuria mazoezi hata mara moja katika muhula asiwe na neno juu ya kocha. Anayetaka kusema juu ya bao aseme kwanza mpira ulipotelea wapi kabla ya kufika golini, na ni nani aliyekuwa peke yake. Akishindwa, anyamaze awasikilize walioona. Mmoja wenu achukue daftari na penseli, akae nyuma ya goli, aandike kila shambulio limetoka upande upi. Daftari hilo mpelekeeni nahodha siku ya pili, hasira zikiwa zimepoa, msilisome mbele ya umati. Na winga aitwe kando aambiwe, "Ndugu yangu, mpira ukipotea, rudi," kwa maneno hayo hayo, bila kiitikio.

Nilimpelekea kocha maneno ya yule mama. Alinyamaza, kisha akachora uwanja mchangani kwa kijiti, akaweka kokoto upande wa kushoto, akaitazama. Aliniambia kwamba alikuwa anahisi hivyo lakini kutoka mahali anaposimama yeye haonekani vizuri. Tangu siku hiyo, winga akipanda, kiungo mmoja hushuka kulinda nafasi yake, na dhidi ya upepo wanacheza mpira wa chini. Katika mazoezi ya jana watazamaji tulikuwa saba, pamoja na mimi.

Mechi ya marudiano ni Jumamosi. Mlinda mlango yule wa mwaka wa kwanza hatakuwapo. Alirudisha glavu Jumatatu ile ile asubuhi, akasema anataka kushughulikia masomo, na mara mbili nimekwenda bwenini kwao nikaambiwa ametoka.