Mlinzi wa Msitu si Mwenye Msitu

Wako watu wasemao kwamba Serikali ikiisha kuita mahali Parki ya Taifa, basi maneno yamekwisha: aliyekaa humo hana haki tena. Sisi tunakataa.

Tutazame Kahuzi-Biega, katika Kivu ya Kusini. Mwaka 1970 Serikali ilifanya msitu ule kuwa Parki, hekta 60.000, mwaka 1975 ikaipanua mpaka hekta 600.000. Batwa waliokaa humo tangu zamani za wazee wao walifukuzwa pasipo fidia, wala hawakupewa ardhi nyingine.

Ulinzi wa Parki umewekwa mikononi mwa ICCN, chombo cha Serikali cha kulinda viumbe. Sheria ya tarehe 11 Februari 2014 inakataza kuwinda na kukata miti ndani ya Parki, tena inawapa walinzi uwezo wa kuwakamata wavunja sheria. Mamlaka hayo hatuyapingi. Gorila hawana kinywa cha kujitetea.

Lakini kulinda si kunyang'anya. Twajua kwamba sheria ya 1973 yasema ardhi yote ni ya Serikali. Walakini Katiba ya 2006, kifungu cha 34, yalinda mali ya mtu na mali ya jamii, iliyopatikana kwa sheria ama kwa desturi. Tena yasema mtu asinyang'anywe mali yake ila kwa faida ya wote, na fidia ya haki itangulie. Je, kuwinda, kuchuma dawa na kuzika wazee katika msitu mmoja, kizazi kwa kizazi, si desturi?

Watasema: Katiba ilikuja nyuma, Batwa walikwisha toka. Basi, dawa ya deni ni kulipa. Mwaka 2024 ilitangazwa hukumu ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu: Kongo ilivunja haki za Batwa, na iwarudishie ardhi yao.

Watasema tena: tangu 2018 Batwa wengine walirudi, na miti ikakatwa kwa makala. Ni kweli, wala hatusifu. Lakini nani atunzaye nyumba anayoambiwa kila siku kwamba si yake?

Anayetaka msitu udumu ampe Mtwa hati yake kwanza. Kisha amdai ulinzi kama mwenye mali, si kumwinda kama mwizi.