Mtoto Apime Mbegu Kabla ya Mvua



Katika nyumba nyingi za Uganda maharagwe ya mbegu hukaa koponi tangu mavuno yaliyopita, na mvua ya Machi au ya Septemba ikikaribia hupandwa bila mtu kuuliza kama yangali hai. Haragwe lililokufa huweza kufanana kabisa na lililo hai. Pengine fukusi amekwisha kula kiini chake, au joto na unyevu vimeimaliza nguvu yake. Na mwenye shamba hung'amua baada ya siku 10, mvua ya kwanza ikiwa imekwisha kupita bure. Kwa jamaa wanaotegemea shamba dogo kuongezea mshahara, hasara hiyo si ndogo. Basi swali hili akabidhiwe mtoto wa miaka minane au tisa. Ni sayansi kamili, na gharama yake ni punje 50.

Kazi huanza pale punje zinapochukuliwa, na hapo ndipo watu wazima huiharibu. Mtoto hupenda kuchagua zilizonona, na mama naye humsaidia kuchagua! Jibu litakalopatikana litakuwa la punje nzuri, wala si la kopo zima. Achukue za juu, za katikati na za chini, hata kwa kufumba macho, na zenye tundu zihesabiwe pamoja na wenzake. Mbona 50, wala si 10? Katika 10, punje moja ni sehemu 10 kwa mia. Katika 50 ni sehemu mbili tu. Maabara za mbegu hutumia punje 400, lakini sisi hatuna sinia za kutosha.

Atandaze siniani kitambaa safi cha pamba (si cha sare ya kazi, tafadhali) kilicholoweshwa na kukamuliwa, azipange punje 10 kwa mistari mitano, kisha azifunike kwa kitambaa kingine chenye unyevu. Sinia likae ndani, mbali na kuku na panya. Anyunyize maji asubuhi na jioni, lakini yasituame, kwa kuwa mbegu huvuta hewa kama sisi, na ikizama huoza. Kila asubuhi aandike daftarini tarehe na idadi ya zilizoota. Baada ya siku mbili tatu mizizi myeupe itachungulia. Siku ya nane afunge hesabu. Zilizooza au kushikwa na ukungu asizihesabu. Baba aliye mbali asomewe hesabu hiyo kwa simu. Atafurahi kuliko kusomewa ya madeni.

Zikiota 45, ni 90 kwa mia. Pandeni kama kawaida. Zikiota 30, ni 60 kwa mia. Ongezeni punje katika kila shimo. Zikiwa chini ya nusu, tafuteni mbegu nyingine mapema, kabla bei haijapanda. Mtoto akileta habari mbaya asikemewe, wala asishurutishwe kuhesabu upya mpaka ipatikane namba tamu. Arudie jaribio zima kwa punje 50 nyingine. Matokeo mawili yakikaribiana, yaaminiwe.

Huenda akauliza kwa nini mzizi huelekea chini. Msikimbilie kumjibu. Atie karatasi yenye unyevu ndani ya gilasi, abane haragwe lililoota kati ya karatasi na kioo, mzizi ukitazama juu, kisha aifiche gilasi kabatini gizani. Baada ya siku moja au mbili ncha ya mzizi itakuwa imegeuka chini, ingawa haukuona mwanga wala haukugusa udongo. Mnamo mwaka 1806 Mwingereza Thomas Andrew Knight alifunga mbegu juu ya gurudumu lililozungushwa kwa kasi na maji ya kijito: mizizi ikaelekea nje, na mashina yakaelekea katikati ya gurudumu. Mzizi hufuata nguvu inayouvuta. Nyumbani kwetu nguvu hiyo ni ya dunia.

Tahadhari moja ni lazima. Mbegu za dukani zilizopakwa rangi nyekundu, ya waridi au ya kijani huwa zimetiwa dawa yenye sumu. Mtoto asizishike, zisipikwe, wala kuku wasipewe.

Zilizoota vizuri zisitupwe. Azipande taratibu kando ya nyumba, na karibu yake punje chache za mahindi. Haragwe litainua mapande yake mawili juu ya udongo, na hindi litaiacha punje yake chini. Msimwambie, acheni alione mwenyewe.