MAONI: Kavumu kuna historia, kinga zipo, wanaokosa ni waongozaji

Kule Delhi, nchini India, wageni huamka alfajiri, hupewa baiskeli na kumfuata mwongozaji katika vichochoro vya mji wa zamani, uliojengwa na mfalme Shah Jahan katika karne ya 17. Hupita Chandni Chowk kabla magari hayajajaa, kisha hukaa kunywa chai. Anachouza mwongozaji ni kuujua mji wake.

Huku Kavumu, kilomita 30 hivi kaskazini mwa Bukavu, kinga ni ya kubebea makala na ndizi. Hiyo ni kazi ya heshima. Lakini kwa miaka mingi wageni walishuka kwenye uwanja wa ndege, wakapanda gari na kwenda Bukavu bila kuuliza Kavumu kuna nini. Wakaaji nao hawakuwaambia.

Na ya kuwaambia yapo. Lwiro si mbali. Ndiko Wabelgiji walikoweka makao ya IRSAC, taasisi ya utafiti iliyoundwa mwaka 1947, ambayo leo ni CRSN. Karibu na hapo wanatunzwa sokwe-mtu waliookolewa mikononi mwa wawindaji. Mbele kuna Katana na hospitali ya FOMULAC, iliyoanzishwa na chuo kikuu cha Louvain. Upande wa milima kuna Tshivanga, mlango wa parki ya Kahuzi-Biega, iliyoundwa mwaka 1970 na kuingizwa na Unesco katika urithi wa dunia mwaka 1980. Mwongozaji mkweli atasema pia kwamba Batwa walifukuzwa katika pori hilo, na kwamba jambo hilo halijaisha.

Kuna watakaouliza: tangu vita vilipofika Kavumu mwezi wa pili 2025, mtalii gani atakuja? Wana haki. Kumwita mgeni kwa kumdanganya kuhusu usalama ni kosa kubwa.

Lakini mgeni wa kwanza si lazima atoke Ulaya. Ni mwanafunzi wa Kavumu anayeweza kupata diploma yake ya serikali bila kuingia hata mara moja katika maktaba ya Lwiro. Wazee waliofanya kazi huko enzi za Wabelgiji wanakwisha, na kila anayezikwa anakwenda na aliyoyaona.

Kuanza hakuhitaji mradi mkubwa. Shule moja, kinga kumi, mzee mmoja wa kusimulia na kijana wa kuandika. Safari iwe fupi, mchana, siku ambayo viongozi wa kijiji wamethibitisha kuwa njia ni shwari. Wazazi wakichanga kidogo, kijana huyo apate cha kupeleka nyumbani.

Siku amani itakaporudi, wageni watakuja. Wakikuta Kavumu imejiandaa, watasikia habari zake kutoka kwa watoto wake wenyewe. Wasipokuta mtu, watasoma zilizoandikwa Brussels, na vijana wa hapa watabaki kuwabebea mizigo.